Umeme Nao Huuzwa Sokoni



Kila mtu wa Same anaijua biashara ya tangawizi. Mkulima wa Mamba Miamba anaipanda, anaipalilia, anaing'oa na kuijaza katika magunia. Mnunuzi anakuja na lori. Mnunuzi akiwa anajua bei ya mjini, na mkulima haijui, mkulima atapunjwa. Sina haja ya kukueleza zaidi. Labda umepunjwa wewe mwenyewe.

Leo tuzungumze habari ya bidhaa nyingine, ambayo haijazwi katika gunia wala haipandi lori. Bidhaa hiyo ni umeme. Umeme nao huzalishwa mahali fulani, husafirishwa, hupungua njiani, huuzwa na kununuliwa. Siku hizi unavuka hata mipaka ya nchi. Sisi watu wa milimani tumezoea kuuona umeme kama zawadi: serikali imeleta, au serikali haijaleta. Nasema tuutazame kama bidhaa. Mtu akiutazama kama bidhaa atauliza bei, atauliza mizani, na atauliza yeye mwenyewe atauza nini ili apate fedha za kuulipia.

Mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja huku kwetu mkoani Kilimanjaro kuzindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe. Ni yale maji yanayotoka katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Siku hiyo alieleza kwamba upo mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia. Umeme huo upitie Kenya, kisha ulishe mikoa ya kaskazini. Sababu iliyotolewa ni hii: umeme unaotoka mbali kusini hupotea mwingi kabla ya kufika huku, na hasara ya upotevu huo ilitajwa kuwa shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Watu wengi walishangaa. Waliuliza, je, nchi haikujenga bwawa kubwa kule Rufiji? Kwa nini basi twende kununua kwa jirani?

Hilo ni swali la haki. Lakini tusilijibu kwa hasira, wala tusilijibu kwa vigelegele. Tulijibu kwa hesabu.

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa. Kila mtambo una uwezo wa megawati 235. Zidisha mara tisa, utapata megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024, na wa mwisho ulikamilika mwaka 2025. Ukichanganya na mitambo mingine yote, mwaka 2025 nchi ilikuwa na uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 4,000. Matumizi ya nchi nzima, saa ile ya jioni watu wanapowasha kila kitu, yalikuwa kama megawati 2,000 hivi. Kwa hiyo umeme upo. Tena mambo yalibadilika upesi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 bado tulikuwa katika mgawo. Masika ya mwaka huohuo mvua ilinyesha sana, na baadhi ya mitambo ya maji ikazimwa kwa muda, kwa sababu umeme ulikuwa mwingi kuliko watumiaji. Mwezi mmoja njaa, mwezi unaofuata chakula kinaoza shambani! Ndivyo ulivyo umeme. Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mahindi. Ukizalishwa, sharti utumike saa ileile.

Kama umeme upo Rufiji, kwa nini usifike Same bila hasara? Hapa mtu wa Upare ana elimu yake, hata kama hakusoma shule. Fikiria ndiva.

Wazee wetu walichimba ndiva milimani ili maji ya kijito yajae usiku. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfongo mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Mwenye shamba karibu na ndiva hupata maji mengi. Mwenye shamba mwisho wa mfongo hupata kidogo, hata kama zamu yake ni ya saa zilezile. Mwizi hayupo. Maji yameingia ardhini, mengine yamevuja ukingoni, mengine yamekauka kwa jua. Mfongo ukiwa mrefu na mwembamba, upotevu unazidi.

Nyaya za umeme ni mfongo. Umeme ukisafiri, waya hupata joto, na joto hilo ni umeme uliopotea. Kwa miaka mingi sisi tumekuwa mwisho wa mfongo. Umeme wa kusini huja kaskazini kwa njia mbili. Njia moja hupitia Dodoma, Singida na Babati hadi Arusha. Njia nyingine hutoka upande wa Hale, hupita hapa Same na kwenda Moshi. Njia hii ya Same ni ya msongo wa kilovoti 132. Msongo ni kama nguvu ya kusukuma. Msongo ukiwa mkubwa, umeme uleule husafiri kwa upotevu mdogo zaidi.

Hapa ndipo wanaouliza habari ya Ethiopia hukosea nusu na kupata nusu. Wanasema Ethiopia ni mbali kuliko Rufiji. Ni kweli. Njia ya kutoka kusini mwa Ethiopia mpaka Suswa, karibu na Nairobi, peke yake ina urefu wa kilomita 1,045. Lakini njia hiyo ni ya msongo wa kilovoti 500, nayo ni ya namna maalumu iliyotengenezwa kwa safari ndefu. Kutoka Isinya nchini Kenya, kupitia Namanga na Arusha hadi Singida, kuna njia nyingine ya kilovoti 400. Njia hiyo iliunganisha gridi ya Kenya na ya Tanzania mwezi Desemba 2024. Basi mfongo mrefu uliojengwa kwa saruji unaweza kufikisha maji kuliko mfongo mfupi wa udongo.

Hata hivyo nusu ya pili ni yao. Kama dawa ni mfongo wa saruji, kwa nini sisi tusijenge wetu? Mimi naona kununua umeme wa Ethiopia si aibu. Lakini usiwe kisingizio cha kuacha njia ya Hale na Same kama ilivyo.

Biashara hii si mpya. Kenya imekuwa ikinunua umeme wa Jinja, Uganda, tangu miaka ya 1950. Mkoa wa Kagera ulitumia umeme wa Uganda kwa miaka mingi, na Sumbawanga walitumia wa Zambia, wakati gridi yetu haijafika kwao. Kule maporomoko ya Rusumo, Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana mtambo mmoja wa megawati 80. Tangu mwaka 2005 kuna umoja wa nchi za Afrika Mashariki unaoshughulikia kuunganisha gridi. Ethiopia nayo imejiandaa kuwa muuzaji mkubwa. Mwezi Septemba 2025 ilizindua bwawa lake kubwa katika mto Abbay, ambao sisi twauita Nile ya Buluu, lenye uwezo wa megawati 5,150. Mwenye shamba kama hilo hutafuta wanunuzi. Si kosa lake. Kazi ya mnunuzi ni kufungua macho.

Tufungue macho basi, tuchukue kalamu.

Mwaka 2022 Kenya iliingia mkataba na Ethiopia wa miaka 25. Bei yake ilikuwa senti sita na nusu za dola kwa uniti moja. Sisemi kwamba bei ya Tanzania ni hiyo. Naichukua kama mfano wa hesabu. Tufanye dola moja ni shilingi 2,600. Senti sita na nusu zitakuwa shilingi 169. Sasa, mtumiaji mdogo wa nyumbani hapa Tanzania, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, amekuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Ukinunua kwa 169 na kuuza kwa 100, kuna shilingi 69 za kulipwa na mtu mwingine. Nani? Ni mtumiaji mkubwa, au hazina ya serikali, yaani wewe tena, kwa mlango mwingine. Na juu ya bei hiyo kwa kawaida kuna malipo ya kupitisha umeme katika nyaya za nchi ya kati. Kwa hiyo mwananchi ana haki ya kuuliza: mita imefungwa wapi? Ikifungwa kule umeme unakotoka, upotevu wa njiani ni wetu. Ikifungwa Namanga, upotevu ni wa muuzaji, lakini bei yake itapanda. Mkulima wa tangawizi anajua kwamba mizani ikiwekwa mahali pabaya, bei nzuri haina maana.

Ile hasara ya shilingi bilioni 32 nayo tuigawe, maana namba kubwa hulaza akili. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Gawanya bilioni 32 kwa 27,000. Utapata ada za nyumba zaidi ya 1,185,000. Ada si gharama yote ya kumfikishia mtu umeme. Nguzo na nyaya hulipiwa na serikali kupitia Wakala wa Nishati Vijijini. Lakini sasa unaona uzito wa kitu kinachopotea kila mwaka kwa joto la waya.

Jambo lingine katika hesabu ile ni dola. Umeme wa nchi nyingine hulipwa kwa fedha za kigeni. Fedha za kigeni haziokotwi. Hupatikana kwa kuuza kitu nje. Kwa hiyo umeme tunaounua kwa jirani sharti ulipwe kwa kahawa, kwa mkonge, kwa tanzanaiti, kwa tangawizi. Sasa tazama kijiji ambacho umeme umefika. Je, umeme unafanya nini? Unawasha taa, unachaji simu, unawasha televisheni. Ni mambo mema. Mtoto anayesoma kwa taa ya umeme ana bahati kuliko sisi tuliosoma kwa koroboi na kuamka na masizi puani. Lakini taa hailipi deni la dola. Kinacholipa ni mashine: ya kuosha, kukata, kukausha na kusaga tangawizi. Mamba Miamba kuna kiwanda cha tangawizi. Gunia la tangawizi mbichi linashuka mlimani na uzito wa maji yake, linaoza likikaa, na mwenye lori anajua kwamba linaoza. Tangawizi iliyokauka na kusagwa haina haraka. Inaweza kumsubiri mnunuzi, na mnunuzi akaisubiri yeye.

Hapo kuna jambo ambalo wanakijiji wengi hawaambiwi. Nyaya zinazofika kijijini si za aina moja. Umeme wa njia moja unatosha taa na redio. Mashine kubwa ya kusaga au ya kukausha huhitaji umeme wa njia tatu, ambao wengine huuita fezi tatu. Mradi ukipita kijijini na kuleta njia moja tu, kijiji kimepewa mwanga lakini hakikupewa kiwanda. Kubadili baadaye ni gharama. Hili lisemwe mapema, wakati nguzo bado ziko chini.

Sasa tutoke kwenye umeme wenyewe, tutazame vifaa. Biashara kubwa zaidi ya wageni katika nchi zetu pengine si umeme bali ni vifaa vyake. Nchi tajiri huandika taarifa kuwaonyesha wafanyabiashara wao soko liko wapi: nchi fulani haina umeme wa kutosha, pelekeni mitambo, paneli za sola, betri, mita. Katika taarifa hizo kijiji chako na changu ni soko. Sina ugomvi na neno hilo. Same pana soko, na mtu akienda sokoni anaweza kununua au kuuza. Ubaya ni kwenda siku zote kununua tu.

Tena si kweli kwamba sisi hatuna la kuuza. Arusha, jirani zetu, kuna kiwanda cha Tanelec kilichoanzishwa mwaka 1981. Kinatengeneza transfoma, lile pipa la chuma unaloliona juu ya nguzo. Transfoma za Arusha huuzwa pia katika nchi jirani. Nguzo za miti hutoka Mufindi na Iringa. Zamani tuliagiza nguzo kutoka nje huku misitu yetu imesimama, mpaka serikali ikakataza. Nguzo moja inaponunuliwa Mufindi, mkata miti, dereva na mpika chakula cha kambini wote hupata. Upande mwingine, kule Mahenge na Lindi kuna madini ya grafiti yanayotumika katika betri. Yanatoka kama unga mweusi katika magunia, na betri inarudi ikiwa na bei yake. Umekwisha kukisikia kisa hiki. Ni kile cha tangawizi.

Paneli za sola sehemu kubwa hutengenezwa China, na bei yake imeshuka sana kuliko miaka 20 iliyopita. Kwa nyumba iliyo kilele cha Vudee au Chome, mbali na nguzo, sola ni ununuzi wa akili. Ni ndiva ya kinyume: ndiva hujaa usiku na kutumika mchana, betri ya sola hujaa mchana na kutumika usiku. Nayo ina ukubwa wake. Anayenunua betri ndogo na kutaka friji ni sawa na mtu anayetaka kumwagilia ekari kumi kwa ndiva ya kuoshea miguu. Uliza dukani paneli ina wati ngapi, betri inashika kiasi gani, dhamana ni ya muda gani na inaandikwa wapi. Sasa unajua kusoma. Usikubali dhamana ya mdomo. Ukilipa kidogo kidogo kwa simu, jumlisha malipo yote mpaka mwisho, halafu ulinganishe na bei ya taslimu. Watu wengi hawajumlishi.

Nimeacha jambo kubwa kwa makusudi. Milima yetu yenyewe ina maji yanayoanguka. Mto Pangani, unaopita chini ya milima hii, ulikwisha kufanywa shamba la umeme zamani: Hale mwaka 1964 kwa megawati 21, Nyumba ya Mungu mwaka 1968 kwa megawati 8, na Pangani mpya mwaka 1995 kwa megawati 68. Ni mitambo midogo ukilinganisha na Rufiji, lakini iko karibu. Megawati inayozalishwa karibu haipotei kilomita 600. Nayo mito kama Yongoma na Hingilili inashuka kwa kasi kutoka mlimani kwenda bonde la Ndungu na Gonja.

Je, kijiji kinaweza kuuza umeme? Kinaweza. Tangu mwaka 2008 kuna utaratibu ambao mzalishaji mdogo, asiyezidi megawati 10, anaweza kuiuzia TANESCO kwa mkataba unaofanana kwa wote, na bei husimamiwa na EWURA. Kule Mufindi mtambo wa Mwenga wa megawati 4 ulianza mwaka 2012. Unalisha vijiji vya jirani, na unaobaki huingia gridi. Katika mkoa wa Ruvuma, masista Wabenediktini wa Chipole wana mtambo wa Tulila wa megawati 5, uliozinduliwa mwaka 2015. Masista! Wanauza umeme kwa shirika la umeme la nchi. Basi usimwambie mtu kwamba kazi hii ni ya wazungu peke yao.

Lakini huku Upare pana tahadhari ambayo mgeni hataiona. Mtambo wa maji haunywi maji. Huyachukua juu, huyaangusha katika bomba, huzungusha mashine, na kuyarudisha mtoni chini. Kwa kipande kile cha katikati mto hubaki na maji kidogo. Kama kipande hicho ndicho chenye vinywa vya mifongo, mashamba yatakauka, na hakuna taa itakayomfariji mwenye mpunga. Kwa hiyo siku akija mtu na michoro, awe Mwafrika au Mzungu, asipelekwe ofisini tu. Atembezwe kwenye mto mwezi wa Septemba, wakati maji ni haba, pamoja na wazee wanaogawa zamu. Wao wanajua kila kinywa cha mfongo na jina la kila anayekitumia. Mkataba uandike maji kiasi gani hayaguswi, kijiji kitapata fungu gani la fedha, na tangawizi itapata umeme wa njia tatu au la. Msitu wa Chome nao uingie katika mkataba, kwa sababu mto hauanzi kwenye bomba, unaanza chini ya miti ya Shengena.

Maoni yangu, kwa hiyo, ni kwamba umeme wa Ethiopia na uje kama hesabu zake zinakubali na zimewekwa wazi, kwa mkataba mfupi na si wa kizazi kizima. Waya uliojengwa Namanga hupitisha umeme pande zote mbili. Masika mito yetu ikijaa, sisi nasi tuuze. Na njia ya Same iimarishwe.

Mkutano wa kijiji ujao, mtu akisimama kusema mradi wa umeme unakuja, nyoosha mkono. Muulize ni njia moja au njia tatu, na ombi la kiwanda lipelekwe wapi, kwa tarehe gani. Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, kisha lisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.